Saini ya Balozi

Nyumbani, 2 Machi

Baba Watoto,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Mama yako hajambo ila magoti, na magoti yake unayajua, huuma zaidi wageni wakija kuliko wakiondoka. Kifungua mimba wetu amekuwa mwalimu mkuu msaidizi na tayari anatembea kama mwalimu mkuu mwenyewe. Kitinda mimba anatafuta kazi, yaani analala.

Huu mwaka wa pili hujaja likizo. Mwaka jana ulisema mazungumzo ya mkataba wa uvuvi yamefika pabaya, huwezi kuyaacha. Mwaka huu unasema yamefika pazuri, huwezi kuyaacha. Nikuulize, mume wangu, yakifika wapi ndipo utakuja?

Jirani yetu Redio amerudi kutoka huko kwenye matibabu. Anakushukuru kwa ulivyompokea. Tangu afike, uwanja wake haukauki watu. Anasema ubalozi wetu ni vyumba vitatu juu ya daktari wa meno, na bendera yetu inaning'inia juu ya picha ya jino kubwa. Tulicheka sana. Halafu akasema Katibu wako ni msichana wa adabu, hakuachi hata hatua moja. Mkienda kwenye tafrija yuko ubavuni. Mkishuka ngazi amekushika kiwiko. Mkiwa mbele za watu anakunong'oneza sikioni nawe unatabasamu. Wifi yangu alikuwepo. Badala ya kumtazama Redio, akanitazama mimi.

Mimi siulizi kitu, nakupa habari za mtaani tu. Lakini niandikie kwa mkono wako. Barua zako siku hizi zinapigwa taipu kama notisi ya kukatiwa maji.

Mkeo.


Ubalozini, 19 Machi

Mama Watoto,

Barua yako imefika na mfuko wa Wizara na nimeifurahia, hasa habari za kitinda mimba. Mwambie kulala nako ni kazi ila haina mshahara.

Kuhusu taipu, mwandiko wangu umeharibika. Hata mimi mwenyewe siusomi. Kuhusu ngazi, za jengo hili ni mbovu, kila mtu hushikwa kiwiko. Kuhusu Redio, mgonjwa aliyepona ana deni la maneno, mwache alilipe.

Katibu ni mtoto wa watu na anafanya kazi yake. Tuko watatu tu hapa: mimi, yeye, na dereva. Yeye ndiye anayegonga muhuri wa viza, ndiye anayepokea simu, ndiye anayewarudisha chini watu wanaopanda hapa wameshika mashavu.

Vuta subira. Tukishasaini mkataba nitakuja, na nitakaa mpaka unichoke.

Mumeo.


Nyumbani, 8 Aprili

Binti,

Sijawahi kukuandikia kwa sababu hatujatambulishana. Mimi ni mke wa Balozi. Wewe ni katibu wake. Nadhani sasa tumetambulishana vya kutosha.

Nasikia unamtunza mume wangu vizuri. Asante. Mimi nimemtunza tangu hajui kufunga tai, na sikuwahi kumshika kiwiko kwenye ngazi, wala hakuwahi kuanguka.

Nilimuuliza mwenyewe, akanijibu kuhusu ngazi mbovu. Naijua mizaha ya mume wangu. Akitania sana ujue kuna kitu amekikalia. Kwa hiyo nakuuliza wewe, kama mtu mzima anavyomuuliza mtoto wa mwenzake: kuna nini? Mama yako namfahamu. Huwa tunakutana sokoni, tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto. Nisingependa siku moja nikutane naye nilazimike kutazama upande wa pili.

Nijibu wewe mwenyewe. Barua hii usimpe aisome.

Mke wa Balozi.


Ubalozini, 24 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na sijamwonyesha mtu.

Unachokifikiria hakipo. Balozi kwangu ni kama baba, na sijamwona hata siku moja akitenda au kusema jambo ambalo asingelitenda wewe ukiwa umeketi pale. Ni kweli namshika kiwiko. Ni kweli namnong'oneza. Sababu ipo, lakini si yangu kuitoa. Niliahidi.

Najua jibu hili halitoshi. Ningekuwa wewe lisingenitosha. Nakuomba kitu kimoja: njoo. Mwambie shemeji yako wa Wizarani akutafutie nafasi ya ndege. Ukikaa naye mezani mara moja tu, hutahitaji kuniuliza mimi.

Kama huwezi kuja, basi niamini mpaka mkataba usainiwe. Si muda mrefu.

Ni mimi, Katibu wa Ubalozi.


Ubalozini, 5 Juni

Mama,

Shikamoo.

Jana imekuja teleksi. Nihamie mara moja kwenye ubalozi wetu mwingine, kule ng'ambo ya bara. Haikutaja sababu. Sababu nimeipata kwa mama yangu. Ameniandikia kwamba mke wa Balozi amekwenda Wizarani kwa shemeji yake, akaomba niondolewe kabla sijamvunjia nyumba, na kwamba mtaa mzima unajua. Mama hendi sokoni tena. Vitu anaagiza.

Kwa kuwa naondoka, ahadi yangu naivunja. Usinilaumu kwa kuchelewa, na mimi nitajaribu kutokukulaumu kwa kuwahi.

Mume wako haoni.

Ni presha ya macho. Ilianza pembeni, akawa anajigonga kwenye meza na milango, tukacheka. Kisha ikawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Sasa hata hilo tundu limebaki ukungu. Daktari amesema kilichopotea hakirudi. Hotuba namsomea mara mbili, anazishika kichwani, anasimama na kuzitoa huku akigeuza karatasi tupu. Kwenye tafrija namnong'oneza nani anakuja: "Huyu ni yule mrefu, binti yake ameolewa majuzi." Naye anatoa mkono na kuuliza habari za bi harusi. Hakuna aliyegundua. Barua zako namsomea mimi, isipokuwa ile uliyonikataza. Zake kwako anazitamka, mimi napiga taipu. Sehemu za utani ananisubiri nimalize kucheka.

Nilimsihi akwambie. Alisema, "Mke wangu ananipenda kwa sauti. Atalia kwa dada yake, dada yake atalia kwa mumewe Wizarani, na kesho yake ubalozi umefungwa." Wizara imekuwa ikitafuta sababu ya kutufunga tangu mwaka juzi. Tungefungwa, mkataba ungekwisha hapohapo, na meli za wenyeji wetu zingeendelea kuvua mpaka mlangoni kwetu.

Kusaini ni Alhamisi ijayo. Katika chumba cha kusainia, kila upande unaruhusiwa kuingiza mkuu wake na msaidizi mmoja mwenye hati ya kidiplomasia. Mwenye hati ni mimi peke yangu. Naondoka Jumanne. Niliomba Wizara waniongeze siku chache. Wakajibu kwa neno moja: "Nenda."

Niliyekuwa Katibu.


Ubalozini, 13 Juni

Mke wangu,

Anayeandika ni dereva wetu, yule tunayemwita Kobe kwa uendeshaji wake. (Naendesha kwa usalama, mama. Dereva.) Nimemwambia aandike kila ninachosema, na nikikohoa asiandike.

Katibu amenieleza kwamba ameshakwambia. Nilikasirika. Halafu nikagundua kwamba nimepumua, kama mtu aliyetua mzigo.

Acha nikwambie yaliyotokea jana, kwa sababu utayasikia kwa Redio na yatakuwa yameshapikwa.

Kobe alinifikisha mpaka mlangoni. Walinzi wakamzuia. Niliingia peke yangu nikifuata harufu ya manukato ya Waziri wao, ambayo nashukuru huyapaka bila huruma. Nikakaa. Wapiga picha walikuwa wengi, nasikia kamera tu. Nikawekewa mkataba mbele, kalamu ikatiwa mkononi, Waziri akagonga kidole mahali pa kusaini. "Hapa, Mheshimiwa, kama tulivyokubaliana."

Ningeweza kusaini. Mkono wangu unaijua saini kuliko ninavyoijua mimi. Kwa mpango wetu, Katibu angekuwa ameshausoma kimya pembeni yangu na kunigusa bega kwamba ni sawa. Sasa pembeni yangu palikuwa na kiti kitupu. Nikawaza, humu ndani yamo maji ya watu wote wa kule kwetu, na mimi nayatoa kama mtu anayepokea chenji gizani bila kuihesabu.

Nikaweka kalamu chini. "Bwana Waziri, mimi sioni."

"Tuongeze taa?"

"Taa inatosha. Macho ndiyo hayatoshi. Naomba mkataba wote usomwe kwa sauti."

Akacheka, akidhani ni utani wetu wa visiwani. Alipoona sicheki akaacha. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Lakini ulikuwa unanipongeza kwa tai zangu!"

"Nilikuwa naambiwa."

 Akauliza kwa sauti ya chini, "Wote? Na viambatisho?"

"Na viambatisho."

Wapiga picha wakatolewa nje. Karani wao akaitwa, akaanza kusoma. Alisoma mpaka sauti ikamkauka, akapokewa na mwingine. Nilimsikia Waziri akivuta kiti, akiagiza maji, akihema. Lakini hakuondoka, hilo nampa.

Hapakuwa na hila. Kila neno lilikuwa lile tulilokubaliana. Mpaka wa meli zao uko palepale tulipouweka. Nikasaini.

Kwenye gari Kobe akaniuliza, "Mheshimiwa, kumbe hata usingesomewa ingekuwa sawa tu?" Nikamwambia, "Ingekuwa sawa, ila nisingejua." Akaendesha polepole zaidi ya kawaida yake. (Barabara ilikuwa na magari. Dereva.)

Leo magazeti yote yana picha yangu, naambiwa nimetoka vizuri. Teleksi ya Wizara nayo imefika. Naitwa nyumbani.

Najua ulikwenda kwa shemeji. Sikulaumu. Aliyezima taa hamlaumu aliyejikwaa.

(Hapa Mheshimiwa amenyamaza muda mrefu. Nimeandika kwamba amenyamaza kwa sababu alisema niandike kila kitu.)

Mumeo.


Nyumbani, 21 Juni

Mume wangu,

Barua yako na ya Katibu zimefika na mfuko mmoja. Nilianza na yake, kwa sababu nilitaka kumsoma anavyojitetea. Nilipomaliza nilishindwa kufungua yako. Niliiweka kitandani, nikapika, nikaosha vyombo, nikaosha tena vyombo visafi. Ndipo nikaifungua.

Kwanza pole. Pili nina hasira na wewe, na vyote viwili nakutumia pamoja, uvipokee kama vilivyo.

Ndiyo, ninapenda kwa sauti. Lakini ulimwambia daktari, ukamwambia msichana wa watu, ukamwambia na Kobe. Mimi ukanipa habari za ngazi. Uliona heri nidhani una mwanamke kuliko nijue huoni? Ungeniuliza, ningekwambia kipi kinauma zaidi. Na sauti ningeibana. Nimezaa watoto wako wawili katika nyumba yenye mama mkwe nyuma ya ukuta, nikashindwa kubana sauti?

Halafu mimi. Nilikwenda Wizarani nimevaa vizuri, nikalia vizuri. Nilidhani nakuondolea mwanamke, kumbe nakuondolea macho, tena wiki uliyoyahitaji. Hilo sitalisahau hata ukiniambia, "Sahau."

Jana nilirudi kwa shemeji. Nikamwambia amrudishe yule binti kazini kwake. Akasema, "Shemeji, mwezi uliopita ulitaka aondolewe." Nikamwambia, "Mwezi uliopita nilikuwa na wivu. Wewe ulikuwa na nini hata ukanisikiliza?" Akavua miwani akaifuta. Amesema ubalozi hautafungwa, maana baada ya magazeti yale hakuna mwenye uso wa kuufunga. Lakini amesema wewe lazima urudi. Nikamwambia hapo hatugombani.

Njoo. Nitakupokea mwenyewe, na sitamtuma mtu.

Mkeo.

Katibu nimemwandikia kando, kumwomba radhi. Barua ilikuwa fupi. Niliichana mara kadhaa.


Ubalozini, 22 Julai

Mama,

Shikamoo.

Nimerudishwa. Mimi sasa ni Kaimu Balozi, cheo kirefu kwa vyumba vitatu vilevile. Balozi ameondoka Jumapili. Masanduku nilimfungia mimi na Kobe. Waziri wa wenyeji wetu alimtumia tai ya hariri na kadi isemayo, "Safari hii uniamini mwenyewe, ni ya bluu." Balozi alicheka mpaka akakaa chini. Ngazi alizishuka peke yake, akishika ukuta. Mimi nilitangulia tu mbele.

Dawa za macho ziko kwenye mfuko mdogo wa ngozi. Asubuhi na jioni. Atakwambia ameshatia. Usimwamini.

Barua yako ya kuniomba radhi nimeisoma. Nimejaribu kuijibu nikashindwa, kwa sababu nikiandika "nimekusamehe" litakuwa neno la adabu tu, na nadhani wewe umechoka na barua za adabu. Acha niseme kweli. Wewe umempata mume wako. Mimi nimepata cheo ambacho ningekingoja miaka. Mama yangu amepata nini? Bado hendi sokoni. Ulinirudishia kazi Wizarani, mlango umefungwa, watu wawili ndani. Lakini jina langu lilichafuliwa uwanjani kwa Redio, na mlango haukuwepo.

Samahani kama nimevuka mpaka. Kazi yangu siku hizi ni mipaka.

Kaimu Balozi.


Nyumbani, 18 Agosti

Mwanangu,

Hujambo. Hukuvuka mpaka. Ulipogusa ndipo panapouma.

Mzee alifika salama. Aliposhuka kwenye ndege nilimwona ananitafuta kwa masikio, na mimi, niliyesema nitabana sauti, nikapiga kelele uwanja mzima ukageuka. Akasema, "Haya, mke wangu nimeshamwona." Siku za kwanza aligonga kabati jipya nililonunua kumfurahisha. Nimelihamisha. Magazeti namsomea mimi. Ananikosoa, anasema ninaruka mistari. Nikamwambia amwombe Kaimu Balozi. Akasema yeye Kaimu hakuwa anaongeza maoni yake katikati. Dawa anatiwa, hatii.

Shemeji anamtaka aende Wizarani mara mbili kwa wiki kuwafundisha vijana wanaopelekwa nje. Amekubali, kwa sharti kwamba watamsomea kila karatasi kabla hajatoa ushauri. Wanalalamika. Anafurahi.

Sasa ya kwako. Nilikwenda kwa Redio. Sikumwita pembeni. Nilisubiri uwanja ujae. Nikamwambia, "Redio, macho yako yaliona sawasawa. Msichana alimshika kiwiko kwa sababu mume wangu haoni. Alimnong'oneza kwa sababu mume wangu haoni. Wewe ulisimulia ulichokiona, mimi ndiye niliyekitia maana, nikaipeleka Wizarani." Redio akasema, "Mimi sikusema kitu kibaya." Nikamwambia, "Hukusema. Mimi nilisema. Kwa hiyo sasa lisimulie hili, na uliongezee sauti kama lile la kwanza." Unajua Redio. Kufika jioni mpaka wifi yangu alikuwa amelisikia kutoka kwa watu watatu.

Siku ya pili nikaenda kwa mama yako. Nilitaka kupita njia ya nyuma, nikajikataza. Nilipita katikati ya soko, saa ya watu, na kila aliyeniuliza nakwenda wapi nilimwambia: nakwenda kwa mama yake Katibu, kumwomba radhi. Wengine walinifuata, niliwaacha wanifuate.

Alinikuta mlangoni. Hakunikaribisha. Nikaanza kusema, akaniambia, "Sema kwa nguvu, wa nyuma hawasikii." Basi nikasema kwa nguvu, nimesimama juani, mtu mzima na nywele zangu za mvi, mpaka nikamaliza. Akanitazama weee. Kisha akawaambia wale wa nyuma, "Mmesikia? Nendeni." Akaingia ndani, akatoka na kiti, akakiweka chini, na yeye akakaa kwenye chake.

Tulikaa. Akachambua mchele wake. Nikachukua ungo wa pili nikachambua na mimi, hakunikataza. Nilipoaga akasema tu, "Jumamosi nitakwenda sokoni."

Kwa hiyo kiti nimepewa. Chai bado. Nitarudi tena wiki ijayo.

Ni mimi, mama yako mkubwa, kama utakubali.